Mtoto wa Manjano Hasubiri Jua

Mama, shikamoo.

Najua safari hii sitasikia marahaba yako. Lakini katika miaka saba tuliyoishi nyumba moja tangu mwanao anioe sikuwahi kukuambia neno kabla ya kukuamkia, na sioni kwa nini nianze utovu wa adabu leo kwa sababu tu umehamia makaburini kule kanisani.

Ulikuwa hupendi mtu azunguke. Mtu akifika na habari, hata iwe ya msiba, ulimwambia, "Sema kwanza, halafu ndiyo ulie." Basi nasema kwanza: una mjukuu wa kiume. Ana miezi saba. Shingo yake imekaza vizuri, anakaa mwenyewe bila kuegemezwa, na ameota meno mawili ambayo anayatumia kunikomesha. Alibatizwa Samweli, ila hakuna anayemwita hivyo, na sababu yake nitakueleza.

Kulia nimeshalia siku nyingi, kwa hiyo leo nasimulia tu. Ni Desemba, plamu zimeiva mpaka zinaanguka zenyewe. Mwanao Yona ameshuka Mombo na kabichi. Mwanangu Neema yuko hapa mezani karibu yangu, anatazama kalamu inavyokimbia na kucheka kila inapofika mwisho wa mstari.

Ulipoanguka pale kwenye matuta ya karoti, Oktoba ya mwaka jana, nilikuwa na mimba ya miezi miwili. Sikuwa nimemwambia mtu, hata Yona. Tangu tumpate Neema niliogopa kuzaa tena, na wewe hukuniuliza hata mara moja, wewe uliyekuwa ukimuuliza kila mtu kila kitu. Nilipanga nikuambie Jumapili, tukitoka ibadani. Presha haikungoja Jumapili.

Acha nirudi nyuma kidogo. Unayajua haya yote, lakini siku moja Samweli ataisoma barua hii, naye hajui.

Neema alizaliwa Julai, mwezi ambao huku kwetu ukungu unaingia mpaka sebuleni bila hodi. Siku ya pili macho yake yalikuwa yamegeuka manjano, na ngozi ya kifua hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mwali wa juzi tu, sijui lolote. Wewe ulikuwa umezaa sita na wote wako hai. Ukamfunua, ukamtazama, ukasema, "Ni manjano ya kawaida. Mweke juani, yataisha." Sasa jua lenyewe liko wapi? Kila asubuhi nilimtoa nje barazani nimemfunga blanketi, nikautazama mlima wa mbele kama mtu anayengoja basi. Siku ya nne jua likachungulia, tukafurahi. Lakini Neema alikuwa ameshaacha kunyonya. Alilala tu. Akilia, sauti ilikuwa nyembamba kama ya mtoto wa paka, na mgongo ulijipinda kwa nyuma kama upinde. Ndipo Yona akambeba mbio hospitali. Wakamweka kwenye taa ya kutibu manjano, wakafanya yote waliyoweza, na manjano yakatoka. Tukarudi nyumbani tukipiga vigelegele, hatujui kwamba yalikuwa yameshapanda kwenye ubongo.

Tulijua alipofika miezi minane, shingo bado inaanguka na mikono inajinyonganyonga yenyewe. Tukaambiwa ni mtindio wa ubongo. Ukasema kwenu hakuna watoto wa namna hii, nikaulize kwetu. Wageni wakipiga hodi, ulimhamishia Neema chumba cha ndani na kufunga mlango.

Siandiki hili kukusuta, Mama. Mtu asiyejua ulivyoanza hawezi kujua ulitembea umbali gani.

Alikuwa na mwaka na nusu siku ile ulipomnywesha uji akiwa amelala chali mapajani mwako, kama ulivyowanywesha wanao sita. Uji ukaenda njia ya hewa. Alikohoa mpaka akawa mweusi midomo. Siku tatu baadaye kifua kikawaka homa, tukalazwa wiki nzima kwa nimonia. Pale wodini akaja yule dada wa mazoezi ya viungo, mfupi, mwenye kicheko cha kusikika mpaka getini. Akatuonyesha namna ya kumlisha: akae wima, kichwa kiiname kidogo mbele, kijiko kidogo, halafu umngoje ameze kabla ya kingine. "Msimkimbize," alituambia. "Kumeza kwake ni kazi, kama nyie kupanda mlima na debe la viazi."

Nawe ukamuuliza, nakumbuka ulivyomkazia macho, "Mwanangu, hebu niambie ukweli. Nani ametuloga?"

Akafungua faili la Neema. Akasoma polepole. Akasema, "Hakulogwa, bibi. Damu ya mama na ya mtoto zilikuwa makundi tofauti, hazikupatana, ndiyo maana manjano yakaja mapema na kwa nguvu. Yangewahiwa siku ya pili, taa ingeyatoa kabla hayajafika kwenye ubongo. Jua haliwezi kazi hiyo."

Tulipotoka hospitali, tukiwa tunapanda mlima, tulipumzika pale kwenye kona ya mikaratusi. Ukasema bila kunitazama, "Ni mimi niliyesema awekwe juani."

Mimi sikukujibu. Nilimhamishia Neema bega la pili, nikaendelea kutembea.

Kesho yake asubuhi ukaanza. Hukuomba radhi wala hukutoa hotuba. Ulikwenda kwa fundi seremala, ukachora kiti ardhini kwa fimbo: mgongo mrefu, mbao mbili za kuzuia mbavu, kigingi cha kutenganisha mapaja, meza ndogo mbele. Fundi akasema hajawahi kutengeneza kiti cha namna hiyo tangu azaliwe. Ukamwambia, "Hata Nuhu hakuwahi kutengeneza safina." Kiti kikatoka baada ya siku nne. Na siku hiyo hiyo ulikiweka barazani, mbele kabisa, Neema juu yake amevaa gauni la Krismasi, na kila aliyepita njiani ukamwita aje kumsalimu.

Halafu mazoezi. Yule dada alisema misuli ya Neema inyooshwe kila siku, la sivyo itakaza na viungo vitapinda. Wewe hukuwa na saa, ulikuwa na kitabu cha nyimbo za ibada. Ubeti mmoja mguu wa kulia, ubeti wa pili mguu wa kushoto, kiitikio mabega. Nyimbo zenye beti sita ulizipenda kuliko zote. Ulipokosea sauti, na ulikosea mara nyingi ingawa ulikuwa mwanakwaya, Neema alicheka mpaka mwili mzima ukalegea, na ukasema, "Unaona? Nimefanya makusudi."

Lakini kilichokupa jina ni kukagua watoto wa watu. Ukisikia mahali kuna mzazi aliyetoka kujifungua, ulifika. Ulimsalimia mtoto kwa Kishambaa, "Onga mshi?" ukanyamaza kidogo kana kwamba atajibu, kisha ukambeba mpaka mlangoni penye mwanga, ukambonyeza paji la uso kwa kidole, ukaachia na kutazama rangi inayobaki. Ukiona manjano siku ya kwanza au ya pili, au mtoto amezidi kulala na hataki ziwa, hukusikiliza hadithi ya mtu. "Mtoto wa manjano hasubiri jua. Anasubiri gari." Ulikwenda msibani Bungu, ukarudi umekagua watoto watatu. Watu wakakuita Bibi Manjano. Mwanzoni walikucheka, baadaye wakawa wanakufuata. Wale mapacha wa kwa mama mwuza chapati, unawakumbuka? Wanakimbia sasa hivi. Juzi wamevunja dirisha langu.

Sasa nikuambie yaliyotokea ulipoondoka, na naanza na kosa langu.

Baada ya mazishi niliacha mazoezi. Nilikuwa na kichefuchefu cha mimba, nilikuwa na huzuni, na kitabu cha nyimbo kila nilipokifungua nilikifunga tena. Nikajiambia, kesho. Zikapita wiki tisa. Siku moja namvalisha Neema kiatu cha kushoto, kisigino hakishuki. Mguu umekaza, vidole vinatazama chini kama vya mtu anayechungulia juu ya ukuta. Nikambeba mpaka kwa yule dada. Siku hiyo hakucheka. Akasema, "Mama Neema, aliyefariki ni bibi. Mguu huu uko hai." Maneno hayo yaliniuma, na yalinifaa. Wakamfunga mguu plasta ngumu kama ya aliyevunjika, wakawa wanaibadilisha kila baada ya muda, kila mara mguu umenyooka zaidi kidogo. Wakaangalia na nyonga, ikawa salama. Sasa kisigino kinagusa chini. Mazoezi nafanya mimi asubuhi na Yona jioni. Mwanao hajui nyimbo zaidi ya mbili na zote anaziimba kama anaita mbuzi, lakini mguu haulalamiki. Dawa za kifafa, kile kilichokuja pamoja na mtindio, Neema anapewa kwa saa, hatujaruka hata siku moja, na tangu Pasaka hajaanguka kifafa.

Kuhusu mimba, nilifanya kama ambavyo ungenisukuma nifanye. Nilikwenda kliniki mapema, nikasema kabla sijaulizwa: mtoto wangu wa kwanza alipata manjano, damu zetu hazikupatana. Nesi akaandika kwenye kadi kwa herufi kubwa. Akaniambia nijifungulie hospitali, nisikubali kukaa nyumbani hata uchungu ukiwa mdogo. Yona akaelewana na wenye bodaboda wawili na mwenye gari mmoja, mmoja akikosekana yupo mwingine. Ilikuwa Mei, masika imegeuza barabara kuwa uji. Tulishuka mapema, siku mbili kabla.

Samweli alizaliwa saa nne asubuhi, akalia papo hapo, na kwa sauti. Mama, nilikaa nikisubiri kelele ile iishe, na kila ilipoendelea nilizidi kuipenda.

Kesho yake asubuhi shangazi yake Yona, Shangazi Sabina, akaja kutuchukua na kapu la chakula na kanga mpya. Nje jua limewaka baada ya siku kumi za mvua. Akamfunua mtoto, akatabasamu, akasema, "Ana kamanjano kidogo. Ya kawaida. Na leo Mungu ametupa jua, twende nyumbani tukamweke barazani."

Maneno yako yale yale, Mama. Kama vile alikuwa ameyaazima kwako miaka saba iliyopita na leo anayarudisha. Unajua mimi si mtu wa kumjibu mkubwa. Nilimchukua Samweli nikaenda naye dirishani. Nikambonyeza paji la uso kwa kidole, nikaachia. Manjano. Nikabonyeza kifua. Manjano. Hata siku moja haijatimia.

Nikasema, "Shangazi, samahani sana. Haendi popote."

"Mwanangu, unamwogopesha mtoto bure. Sisi wote tulilelewa juani."

"Mtoto wa manjano hasubiri jua," nikamwambia, na sauti ilikuwa yako, Mama, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Nikaita nesi. Akaja, akasoma kadi, akambonyeza kama nilivyombonyeza, akaondoka kwa mwendo wa haraka. Kabla ya saa sita damu ilikuwa imepimwa na Samweli amewekwa chini ya taa ya bluu, uchi isipokuwa nepi, macho yamefungwa kitambaa. Nilikuwa namtoa kunyonya tu, kisha namrudisha.

Siku tatu. Sitakudanganya kwamba sikuogopa. Kila alipolala sana nilimtekenya nyayo, na kila alipolia nilisikiliza kama ni sauti ya paka. Shangazi Sabina hakuondoka. Alikaa kwenye benchi siku zote tatu, kwanza amenuna, kisha ananyemelea kutazama. Siku ya tatu, daktari alipotuambia manjano yameshuka na hayajafika kwenye ubongo, Shangazi aliinamia ile taa akasema, "Kumbe hapa wamelifunga jua kwenye sanduku." Halafu akalia, nami nikalia, na Samweli akatukojolea wote wawili.

Wamempima masikio, anasikia. Kila mwezi anaangaliwa. Miezi mitatu shingo, miezi sita kukaa. Siku alipokaa mwenyewe Yona alitoka nje akapasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Sasa jina. Tulipofika naye nyumbani tulimweka mapajani kwa Neema, mimi nimemshika kwa chini. Unajua Neema maneno yake yalikuwa mawili tu, "ba" na "mama", na miaka yote tulingoja la tatu. Alimtazama mdogo wake muda mrefu, mdomo ukahangaika, mikono ikajinyonga, na likatoka: "Dudu." Basi. Mchungaji alimbatiza Samweli, lakini kwa nyumba hii na majirani wote ni Dudu. Akilia, Neema ndiye anayetuarifu, hata kama tumeshamsikia.

Na Neema ameanza shule! Darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, kwenye shule ya msingi ya hapa chini. Yona anambeba kwa pikipiki ya jirani, mimi nyuma nimemshika. Mwalimu wake ana ubao wa picha: maji, choo, chakula, naumwa, nimechoka. Akili yake inakwenda polepole, tulishaambiwa, lakini inakwenda. Ilimchukua muhula mzima kujifunza kuangalia picha ya maji anapotaka maji. Alipojua, alidai maji kutwa, si kwa kiu, kwa furaha ya kuona mwalimu anatii. Nilisikia hilo nikajua kabisa ni damu ya nani.

Wiki tatu zilizopita akina mama wa usharika waliniomba niseme mbele yao. Nikawaambia yetu yote, na nikawaambia mama asikose kliniki, ajifungue mahali penye mtaalamu, mtoto akichelewa kulia au akipata degedege akimbizwe, chanjo zisirukwe. Nikasema pia kwamba kuna watoto wanapata mtindio hata kama kila kitu kimefanywa sawa, na hakuna mama anayepaswa kuulizwa kwao kukoje. Hapo niliona vichwa kadhaa vikiinama. Baada ya kikao mama mmoja akaniambia ana mtoto wa miaka minne ndani ambaye hata jirani hajui. Jumanne tulikwenda kwake. Anacheka, mtoto yule, ana macho makubwa kama mwezi mpevu. Fundi anamtengenezea kiti.

Shangazi Sabina sasa ndiye anayezunguka kukagua watoto. Amekuzidi kwa ukali. Wanamwita Manjano wa Pili, naye anasema wa kwanza alikuwa mpole mno.

Mama, limebaki moja.

Siku ile kwenye kona ya mikaratusi ulingoja jibu. Nilijua unangoja. Nilikuacha ungoje miaka mitano, nikikuona unamnyoosha mtoto kwa nyimbo, unapanda na kushuka milima kwenye mvua, na sikusema. Mwanzoni nilinyamaza kwa hasira. Baadaye hasira iliisha, ikabaki aibu ya kuchelewa. Jibu langu ni hili: ulisema awekwe juani kwa sababu ndivyo ulivyofundishwa na waliokupenda. Na mikono iliyomtoa nje barazani ilikuwa yangu. Sina ninachokudai, Mama. Kama kuna kitu nilikuwa nakudai, kilikwisha zamani, ulipokiweka kile kiti mbele ya baraza ukaita wapita njia. Ningekuambia ukiwa hai ungenikatiza, ungesema nikachemshe maji. Lakini ungekuwa umesikia.

Pumzika sasa. Kazi ina watu. Siwezi kukuahidi kwamba Neema atatembea, maana hilo hata yule dada hataki kuliahidi, ila mwakani wanamjaribu kwenye fremu ya kusimamia. Nakuahidi kwamba watoto hawa wawili watakujua mzima mzima: kwamba bibi yao alikosea, akaambiwa, akaamka asubuhi yake akaenda kwa fundi. Sitawaficha nusu yoyote.

Ni mimi mkweo,
Mama Neema

Hilo doa la plamu hapa pembeni usidhani ni uchafu wangu. Neema amenyang'anya karatasi nilipokuwa natafuta bahasha, akaikandamiza kwa kiganja chake chote, kile kinachojikunja kila siku, safari hii kimefunguka, vidole vitano vimenyooka. Nimehesabu.